Kabla hujadondosha dawa ya macho: mwongozo kamili wa jicho jekundu

"Naomba dawa ya macho." Sentensi hiyo naisikia karibu kila siku. Anayeisema ni dada aliyeshuka kwenye bajaji na miwani ya jua saa kumi na mbili jioni, au kondakta wa daladala, au mama aliyembeba mtoto mgongoni. Mimi ni mfamasia, nauza dawa huku Tabata, Dar es Salaam, na jibu langu huwa lilelile: dawa ya macho ipi? Iko ya kuua bakteria, iko ya aleji, iko ya fangasi, iko ya kirusi cha malengelenge, iko ya kulainisha tu. Halafu iko steroidi, dawa ya kunyamazisha wekundu na uvimbe, ambayo ikiingia kwenye jicho lisilo lake inaweza kulipofusha. Zote zinakaa kwenye vichupa vya mililita 5 au 10, na ukivipanga mezani huwezi kuvitofautisha kwa macho.

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye jicho jekundu nyumbani leo. Fuata hatua kwa mpangilio wake, usirukie dawa.

Hatua ya 1: Hakikisha jicho si la hospitali

Simama mlangoni penye mwanga wa jua, si chini ya taa. Nawa mikono. Futa tongotongo kwa pamba safi iliyoloweshwa maji yaliyochemshwa yakapoa. Kisha ziba jicho lisiloumwa kwa kiganja, na kwa lile linaloumwa soma kitu cha mbali kidogo, kalenda ya ukutani au maandishi ya duka la jirani. Rudia kwa jicho la pili. Kama jicho bovu linaona ukungu hata baada ya kupepesa, ishia hapo. Hilo halitibiwi famasi.

Angalia pia kioo cha jicho, ile sehemu ya mbele inayong'aa iliyofunika mboni. Kinatakiwa kiwe angavu. Ukiona kidoa cheupe, hata kidogo kama kichwa cha pini, hicho huenda ni kidonda cha kioo, na kidonda hicho huhesabiwa kwa saa, si kwa wiki. Maumivu makali (siyo mchomo wa mchanga, maumivu), kushindwa kuvumilia mwanga, jicho lililopigwa au kuingiwa na kitu, jicho jekundu la mtu anayevaa lenzi, uvimbe wa kope unaoambatana na homa au jicho kutokeza nje, maumivu ya jicho yenye kichwa kuuma na kutapika: lolote kati ya hayo ni safari ya leo. Vilevile usaha mwingi ambao ukiufuta unajaa tena baada ya dakika chache. Hiyo mara nyingi ni kisonono cha macho, na mtu mzima naye anaweza kukipata kwa mkono uliogusa sehemu za siri. Kinaweza kutoboa kioo ndani ya siku moja au mbili.

Kama ni kemikali, yaani simenti, chokaa, maji ya betri au dawa ya kung'arishia nguo, usikimbilie hata bodaboda. Fungua bomba, au mwambie mtu amimine maji safi kwa jagi, osha nusu saa nzima jicho likiwa wazi, ndipo uondoke.

Na malengelenge ya mkanda wa jeshi yakitokea kwenye paji la uso, hasa yakifika ncha ya pua, jicho liko hatarini hata kama bado ni jeupe. Vidonge vya asikloviri, miligramu 800 mara 5 kwa siku kwa siku 7, hufanya kazi vizuri zaidi vikianza ndani ya saa 72. Anayevipanga ni daktari, na atashauri pia kipimo cha VVU.

Hatua ya 2: Usaha, maji au kuwasha?

Jicho likivuka hatua ya kwanza salama, uliza swali moja: kinachokusumbua zaidi ni nini?

Usaha mzito wa njano au kijani, kope kugandana asubuhi hadi uzilainishe kwa maji, huelekeza kwenye bakteria. Machozi mepesi yanayotiririka, hisia ya mchanga, jicho moja kuanza na la pili kufuata siku mbili tatu baadaye, mara nyingine tezi ndogo kuvimba mbele ya sikio, na nyumbani au kazini kuna mwingine mwenye hali hiyo, hapo ni virusi. Kuwasha ni aleji. Nasisitiza kuwasha, kule kunakomfanya mtoto asugue macho kwa ngumi mpaka umshike mikono. Macho yote mawili, ute mwembamba unaovutika kama uzi, mafua ya mara kwa mara, pumu au ukurutu kwenye ukoo.

Kuna wekundu mwingine ambao hauna maambukizi kabisa. Madereva wa bodaboda wanaopigwa na jua, upepo na vumbi miaka mingi huota kinyama cheupe au chekundu kutoka pembe ya jicho kuelekea kioo. Hakiuliwi kwa antibayotiki. Miwani na machozi ya bandia (matone ya kulainisha jicho) humpunguzia mtu adha, na kikianza kupanda juu ya kioo daktari ataamua kama kinatolewa.

Hatua ya 3: Dawa kwa kila hali

Ya bakteria ndiyo rahisi. Matone ya kloramfenikoli ya asilimia 0.5: tone moja kila baada ya saa 2 ukiwa hujalala, kwa siku 2 za mwanzo, kisha mara 4 kwa siku hadi siku 5 zitimie. Ukipata tyubu ya asilimia 1, au tetrasaiklini ya asilimia 1, paka mara 3 hadi 4 kwa siku. Kwa watoto wadogo napendelea tyubu, kwa sababu haioshwi na kilio. Gentamisini ya asilimia 0.3 nayo inafaa, lakini isipitilize. Nimeona watu wakiitumia wiki ya tatu, jicho likiwa jekundu kwa sababu ya dawa yenyewe: ngozi ya kope imekauka na kuchubuka, na wao wanaongeza matone wakidhani ugonjwa umekaidi. Saa 48 zikipita bila nafuu yoyote, acha kubadilisha chupa, nenda ukapimwe.

Jambo moja la Dar ambalo halizungumzwi vya kutosha: matone ya kloramfenikoli hutakiwa kukaa kwenye friji, kati ya nyuzi 2 na 8. Kabla ya kulipa, tazama muuzaji ameitoa wapi. Kama imetoka kwenye rafu inayopigwa jua, au kwenye meza ya mtu anayetembeza dawa stendi, usichukue. Tyubu haina shida hiyo, mradi isiachwe mahali penye joto kali.

Ya virusi haina dawa ya kuiua. Nalisema hili nikijua linaudhi. Januari 2024 Wizara ya Afya ilipotangaza mlipuko wa macho mekundu hapa Dar es Salaam, watu walipanga foleni dirishani kwangu wakitaka chupa ya antibayotiki, na wengine walinikasirikia nilipowauzia machozi ya bandia na parasetamoli tu. Lakini kirusi hakisikii kloramfenikoli. Jicho huzidi kuwa baya siku ya 3 hadi ya 5, kisha hutulia lenyewe ndani ya wiki 1 hadi 3. Unachofanya ni kuweka kitambaa safi chenye maji baridi juu ya kope dakika 10 mara kadhaa kwa siku, kudondosha machozi ya bandia mara 4 au zaidi, na kumeza parasetamoli kama linauma.

Kazi kubwa hapa ni kuwakinga wengine. Virusi hivi hukaa siku nyingi, hata wiki, kwenye vyuma vya kushikilia ndani ya mabasi ya mwendokasi, kitasa cha mlango, simu na taulo. Vitakasa mikono havina uhakika navyo, sabuni na maji yanayotiririka ni bora zaidi. Mgonjwa awe na mto wake, taulo yake na kanga yake ya kufutia uso. Abaki nyumbani maadamu macho yanatoa machozi. Asiyeumwa asidondoshewe dawa "ya kinga", maana kinga ya namna hiyo haipo, na mdomo wa kichupa unaozunguka nyumba nzima ndio unaosafirisha ugonjwa. Uoni ukiwa wa ukungu baada ya wekundu kuisha, rudi hatua ya kwanza, nenda hospitali.

Ya aleji inahitaji subira kuliko zote. Matone ya sodiamu kromoglikeiti ya asilimia 2 yanadondoshwa mara 4 kwa siku, kila siku, yawe yanawasha au hayawashi, na huchukua wiki moja hadi mbili kuonyesha kazi yake. Wengi huyatupa siku ya tatu wakisema hayafai. Olopatadini ya asilimia 0.1, mara 2 kwa siku, hutuliza mapema zaidi. Ongeza kitambaa baridi, kofia pana, na kumzuia mtoto asisugue. Miaka ya kusugua hulegeza kioo cha jicho kikachongoka kama koni, na hapo miwani ya kawaida haimsaidii tena.

Steroidi: soma boksi kabla ya kulipa

Mama mmoja alikuja na kijana wake wa darasa la tatu. Alinyoosha kichupa kitupu juu ya kaunta.

"Kaka, nipe kama hii."

"Mama, hii ni ya ngapi?"

"Ya sita. Shule zilipofunguliwa tulianza nayo. Nikiweka, kesho yake macho meupe. Nikiacha wiki, yanarudi."

Nilimwomba kijana atazame juu. Kuzunguka kioo cha jicho kulikuwa na pete ya rangi ya kahawia, nene kidogo kama ute ulioganda, na kope za juu zilikuwa nzito zimelegea. Hiyo ni aleji sugu ya watoto, tunayoiona sana kwenye miji ya joto na vumbi, zaidi kwa wavulana, na wengi huiacha wakibalehe. Kichupa kilikuwa mchanganyiko wa gentamisini na deksamethasoni. Alikinunua mara ya kwanza bila cheti, kwenye duka ambalo hakuna aliyemuuliza swali. Sikumuuzia. Nilimwandikia karatasi aende kliniki ya macho, na alirudi baada ya siku nne kunieleza kwamba presha ya macho ya mtoto ilikuwa imepanda. Aliulizwa kwa nini hakuja mapema. Alilia palepale dukani, na sikuwa na cha kumlaumu, kwa sababu alifanya kile ambacho kila mzazi angefanya: alirudia dawa iliyoonekana kufanya kazi.

Huo ndio mtego wake. Steroidi hunyamazisha wekundu, uvimbe na mwasho kwa haraka kuliko dawa yoyote, ila haiui mdudu hata mmoja. Kama chini yake kuna kirusi cha malengelenge au fangasi, inakuwa imewafungulia mlango: kinga ya jicho imelazwa, kidonda kinapanuka huku macho yanaonekana meupe. Ikitumika wiki kadhaa, kwa baadhi ya watu hupandisha presha ya macho bila maumivu yoyote, na mishipa ya kuonea inayokufa kwa presha hairudi. Miezi ikipita huleta mtoto wa jicho, hata kwa mwenye umri wa miaka kumi.

Kwa hiyo geuza boksi, usitazame jina kubwa la mbele, tafuta maandishi madogo ya viambato. Ukikuta neno lenye kipande "dexa", "predni", "betame", "fluorometh" au "hydrocor", hiyo ina steroidi. Mara nyingi hujificha nyuma ya antibayotiki, au huachwa herufi moja tu, D, mwishoni mwa jina la biashara. Daktari wa macho huiandika, na kwa magonjwa fulani ndiyo inayookoa jicho, lakini yeye amekwisha kulikagua jicho kwa darubini na atapima presha yake. Wewe na mimi pale kaunta hatujafanya hivyo.

Hatua ya 4: Namna ya kudondosha

Mzee mmoja, mteja wangu wa siku nyingi, aliniambia dawa haimsaidii.

"Shikamoo mzee. Hebu dondosha nione."

"Marahaba mwanangu. Tazama."

Aliinamisha kichwa nyuma, akafumbua macho wima, akabonyeza. Tone la kwanza liliangukia shavuni, la pili kwenye kope, la tatu likaingia na ncha ya kichupa ikagusa jicho. Matone matatu mara kumi kwa siku, chupa inaisha kabla ya dozi, na tayari imechafuka.

Fanya hivi. Nawa mikono kwa sabuni. Kaa, au lala chali. Vuta kope ya chini kwa kidole mpaka itengeneze kijifuko. Tazama juu, shikilia kichupa sentimita mbili hivi juu ya jicho, kisigusane na kitu, achia tone moja ndani ya kijifuko. Tone moja linatosha kabisa, kwa sababu jicho halina nafasi ya la pili na linalozidi humwagika. Fumba taratibu, usipepese, usikaze, kisha kwa ncha ya kidole bana pembe ya jicho iliyo upande wa pua, dakika moja hadi mbili. Pale pana tundu la kupeleka machozi puani. Ndiyo maana watu husema wanaonja dawa kooni. Ukilibana, dawa inabaki jichoni.

Kama una dawa mbili za matone, subiri dakika 5 kati yake. Ya tyubu iwe ya mwisho: kiasi cha punje ya mchele kwenye kijifuko, na usiendeshe chombo mpaka ukungu uondoke. Lenzi za macho zikae kwenye kasha lake hadi upone. Mtoto asiyekubali, mlaze chali, mwambie afumbe, weka tone kwenye pembe ya ndani ya jicho. Akifumbua litaingia lenyewe.

Siku unayofungua, andika tarehe kwenye chupa kwa kalamu. Ikifika siku ya 28, itupe hata kama imebaki nusu.

Mtoto mchanga

Mtoto wa chini ya siku 28 mwenye macho yanayotoa usaha na kope zilizovimba hasubiri asubuhi. Kisonono kutoka njia ya uzazi hujitokeza kati ya siku ya 2 na ya 5, klamidia kwa kawaida kati ya siku ya 5 na ya 14. Tyubu pekee haitoshi: mtoto atahitaji sindano ya seftriaksoni au dawa ya maji ya kunywa kadiri ya kilichokutwa, macho yake yaoshwe kila saa, na baba na mama watibiwe pamoja. Mwaka 1881 Carl Credé, daktari wa uzazi aliyeongoza kliniki ya Leipzig, Ujerumani, alichapisha namna ya kuzuia ugonjwa huu kwa tone la nitrati ya fedha mara mtoto anapozaliwa. Leo tunapaka tetrasaiklini ya asilimia 1 kwa kazi hiyohiyo. Ukijifungua, uliza kama mwanao amepakwa. Ni haki yake, na haichukui dakika.

Chokea, kope zenye magamba na vikope

Chokea, kile kijipu cha ukingoni mwa kope, hutaka joto. Kitambaa cha maji ya uvuguvugu dakika 10, mara 4 kwa siku, na kwa wiki moja hivi kinajitoboa. Usikibinye. Tyubu ya antibayotiki inasaidia kama kuna usaha. Kope nzima ikivimba na homa ikapanda, hasa kwa mtoto, ni hospitali. Kope zenye magamba kama mba kwenye mashina ya nywele husafishwa kila siku kwa pamba na shampuu ya watoto iliyozimuliwa. Huo ni usafi wa kudumu, si dozi.

Trakoma, yaani vikope, si ugonjwa wa Dar, ni wa maeneo makavu kama sehemu za Dodoma. Ila bibi akija kutoka kijijini na kope zimejikunja ndani zikichoma kioo, usimnunulie tyubu ukaona umemaliza, kwa sababu kope zilizogeuka zinahitaji upasuaji mdogo.

Fundi, mkulima, na jicho lililoumia

Vijana wa mtaa wa Gerezani, hapa Dar, wanaosaga na kuchomelea vyuma bila miwani huja usiku. Mwanga wa kuchomelea huanza kuuma saa 6 hadi 12 baadaye, jicho linajaa mchanga, na kwa kawaida hupona ndani ya siku moja au mbili kwa tyubu na kufunga macho. Kipande cha chuma ni jambo jingine: kinakwanguliwa na mtaalamu, si na rafiki mwenye ncha ya kiberiti. Anayekuletea matone ya ganzi uyapeleke nyumbani hakutakii mema, maana ganzi inayorudiwa huozesha kioo wakati wewe huhisi kitu.

Jani la mpunga, pumba au kijiti kikimkwangua mtu, fangasi hupata njia. Hospitali watachukua sampuli ya kidonda na kuanza siprofloksasini au natamisini ya asilimia 5, mara nyingi kila saa, mchana na usiku, siku za mwanzo. Familia ijipange kwa zamu za kuamka. Tone la saa tisa usiku lina uzito sawa na la saa tatu asubuhi.

Na hakuna maziwa ya mama, mkojo, maji ya majani, asali wala chai ya rangi ya kuwekwa jichoni. Mama zetu walitufanyia kwa upendo, lakini kwenye kioo chenye mchubuko unakuwa umepanda vijidudu.

Ukienda hospitali

Anza na kituo kilicho karibu, au hospitali za Amana, Mwananyamala na Temeke hapa Dar. Kliniki za macho za hospitali ya CCBRT, Msasani, na ya Muhimbili zina madaktari bingwa. Usiende na macho tu. Chukua mfuko mdogo, weka kila chupa na tyubu uliyotumia tangu siku ya kwanza, hata tupu, hata zile za jirani, hata ile unayoona aibu kuionyesha, pamoja na orodha ya tarehe ulizoanza kila moja. Daktari akikuta kwenye mfuko kile chenye "dexa", atapima presha ya macho kabla ya kukuuliza jina.